Sheria za Vitu Vilivyozikwa Ardhini

1. Mji usioonekana

Mtu apitaye Ijuganyondo, katika Manispaa ya Bukoba, huona migomba, mibuni, nyumba za mabati, na watu waendao sokoni na shuleni. Vitu hivyo vyote viko juu ya nchi, na kila mwenye macho aviona. Lakini chini ya nchi umo mji mwingine usioonekana. Humo yapita mabomba ya maji ya kunywa, na kandokando ya barabara kubwa zapita nyaya za simu. Katika wilaya ya Muleba limepangiwa njia bomba la mafuta, nalo pia hulazwa chini ya udongo.

Mji huo wa chini una adui wengi. Kutu hula chuma, na mizizi ya miti husukuma mabomba. Nchi yenyewe hutikisika: tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ardhi la nguvu ya 5.9, watu wakafa, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Adui hao hawasikii amri. Lakini yuko adui mmoja awezaye kuamrishwa, naye ni mtu achimbaye bila kuuliza. Sheria haiwezi kuikataza nchi isitetemeke, bali yaweza kumwambia mwenye sururu angoje kidogo, aulize kwanza. Somo hili laeleza amri hiyo na sababu zake.

2. Maji katika bomba

Maji ya mji wa Bukoba hutoka Ziwa Viktoria. Yakiisha kusafishwa hupandishwa kwa mashine mpaka matangi yaliyo mahali pa juu, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe na kuingia katika mabomba ya mitaa. Kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Maji ya Bukoba, iitwayo kwa kifupi BUWASA.

Maji yashukayo toka juu yana nguvu. Kila meta 10 za kimo huongeza msukumo upatao kilo 1 kwa kila sentimeta ya mraba. Tangi likiwa juu ya nyumba kwa meta 50, maji husukuma kila sentimeta ya bomba kwa nguvu ya kilo 5. Nguvu hiyo ndiyo iletayo maji bombani, nayo ni ulinzi pia. Bomba likiwa na ufa mdogo, maji safi hutoka, wala uchafu hauwezi kuingia, kwa kuwa hushindwa na msukumo.

Lakini bomba likipigwa na sururu likapasuka, mambo hugeuka. Maji humwagika shimoni na msukumo hupungua mtaa mzima. Mafundi hufunga maji ili watengeneze, na bomba huwa tupu. Hapo nyufa zilizokuwa zikitoa maji safi huanza kuvuta maji ya matope. Kama karibu na ufa kuna choo cha shimo, uchafu wake waweza kuingia katika bomba, na maji yakifunguliwa tena huenda moja kwa moja mpaka vikombe vya watoto. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia kama hiyo. Basi aliyepasua bomba kwa pigo moja hakuwanyima jirani zake maji tu, bali huenda akawapelekea ugonjwa, na wao hawajui ulikotoka.

3. Kijana na shimo la choo

Fikirini mfano huu. Kijana wa Ijuganyondo ataka kuchimba choo katika kibanja alichorithi. Amekwisha kupiga vigingi vinne chini ya migomba, karibu na njia. Mzee jirani apita, amsalimu, kisha amwuliza:

"Mwanangu, je, umewauliza watu wa maji?"

Kijana ajibu, "Tata, kibanja hiki ni changu, nimeachiwa na baba yangu. Nimwulize nani nikichimba kwangu?"

Mzee asema, "Kaburi la babu yako liko wapi?"

"Liko pale, nyuma ya mibuni miwili."

"Halina msalaba wala jiwe. Umelijuaje?"

"Nilionyeshwa na baba."

"Basi hukulijua kwa macho yako, ulionyeshwa. Na hungethubutu kupiga jembe katika kibanja hiki kabla hujaonyeshwa. Bomba nalo ni vivyo hivyo. Liko chini, halisemi, na wanaojua mahali pake ni wale waliolizika. Nenda ukawaulize."

Kijana aona haya kidogo, lakini aenda. Asubuhi moja fundi wa maji aja na ramani, apima toka njiani, apiga alama. Bomba lapita chini ya kigingi cha pili. Choo chahamishwa upande wa chini wa kibanja, mbali na bomba. Kijana amepoteza asubuhi moja. Kama angalichimba, angalipoteza shimo, na fedha za matengenezo, na heshima yake mtaani.

Watu wa Buhaya tangu zamani wana mti wa mpaka, uitwao omulamula, upandwao mwisho wa kibanja ili jirani wasigombane. Mti ule ni alama, na alama ni neno lililosimama mahali pa mtu asiyekuwapo. Vijiwe na nguzo fupi za zege ziwekwazo juu ya mabomba na nyaya zina kazi ile ile. Ang'oaye alama ya bomba hana tofauti na ang'oaye mti wa mpaka.

4. Nyuzi za mwanga

Kando ya barabara kubwa za Tanzania umezikwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mkongo huo wafika hata Mutukula, mpakani mwa Uganda. Ndani yake hamna shaba, bali nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga. Uzi mmoja waweza kuchukua sauti za maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Ukikatwa, aliye hospitali hapati majibu, mfanyabiashara hapati fedha zake, na mwana aliye mbali hawezi kumpigia mama yake simu.

Watu wengine hukata nyaya hizo wakidhani watapata shaba ya kuuza. Hupata kioo kisicho na bei. Tarehe 28 Machi 2011, katika nchi ya Georgia, polisi walisema kwamba bibi mmoja wa miaka 75, akichimbua vyuma chakavu, aliukata mkongo kwa koleo. Nchi ya jirani, Armenia, ilikaa karibu saa 5 bila intaneti. Koleo moja la bibi kizee lilinyamazisha nchi nzima. Tangu hapo hakuna awezaye kusema, "Mimi ni mtu mdogo, jembe langu litadhuru nini?"

5. Bomba la mafuta katika Muleba

Uganda ina mafuta karibu na Ziwa Albert, lakini haina bahari. Kwa hiyo nchi mbili zilipatana kujenga bomba toka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Urefu wa njia ya bomba ni kilometa 1443, na katika hizo kilometa 1147 zimo Tanzania. Katika mkoa wa Kagera njia yake hukata wilaya za Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo.

Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta, yakipoa huganda. Ndiyo sababu bomba hilo, lenye upana wa inchi 24, hufunikwa kwa vazi la kuzuia baridi, na limetengenezwa ili lipashwe moto, mafuta yasipungue joto la nyuzi 50. Likiisha kulazwa ardhini, udongo hurudishwa na majani huota tena. Mgeni akipita hataona kitu ila alama.

Ukanda wa nchi upitao bomba huitwa mkuza, na upana wake katika ujenzi ni meta 30. Watu na mifugo huweza kuuvuka ujenzi ukiisha. Lakini kujenga nyumba juu yake, kupanda miti yenye mizizi ya kwenda chini, na kuchimba bila ruhusa, hayo hayaruhusiwi. Mkulima wa Muleba aliyezoea kupanda mti popote apendapo huona jambo hili kuwa gumu. Kwa haki, sheria haimwambii tu aondoke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba atwaliwaye ardhi kwa faida ya wote alipwe fidia iliyo kamili, ya haki, na bila kukawia. Fidia ikichelewa, manung'uniko hutokea, na manung'uniko hayo yana msingi. Atakaye alama zake ziheshimiwe hana budi kulipa deni lake kwanza.

6. Sheria zasema nini

Sheria za Tanzania zihusuzo vitu vya chini ni kadha wa kadha, kwa kuwa vitu vyenyewe ni vya namna nyingi.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, namba 5 ya mwaka 2019, huhesabu kuwa ni kosa kuharibu mabomba na mitambo ya maji, na kujiungia maji bila ruhusa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hulinda mitambo ya mawasiliano. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 huweka hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi hiyo ni meta 60, yaani meta 30 kila upande toka katikati. Atakaye kuchimba ndani ya hifadhi hana budi kupata ruhusa ya wenye barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa hao ni TANROADS. Kwa barabara za mijini na vijijini ni TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017.

Mtu akizisoma sheria hizi ataona kwamba zote zasimama juu ya neno moja: mwenye uso wa nchi si mwenye kila kitu kipitacho chini yake. Kibanja ni cha mtu mmoja, lakini maji yapitayo chini ya njia yake ni ya mtaa mzima. Kwa hiyo haki yake ya kuchimba haikuondolewa, ila imeongezewa wajibu wa kuuliza.

Wajibu si wa mchimbaji peke yake. Mwenye bomba naye yampasa kujua mahali pa bomba lake, kutunza ramani, kuweka alama, na kujibu upesi aulizwapo. Asiyejibu humfundisha mchimbaji kuchimba bila kuuliza.

7. Sheria ya zamani ya baharini

Hekima hii si mpya. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari toka Aden mpaka Zanzibar, ukaendelea mpaka Durban. Nanga na nyavu zilikuwa hatari kwa nyaya za namna hiyo. Basi tarehe 14 Machi 1884 mataifa mengi yalitia sahihi mkataba Paris. Mkataba ulisema kwamba akataye waya wa bahari kwa kusudi, au kwa uzembe, ana hatia. Lakini aliyeukata kwa kuokoa roho yake au chombo chake, akiisha kujitahidi kuuepuka, hana hatia.

Mkataba huo ulikuwa na neno jingine la haki. Nahodha akiona nanga yake au wavu wake umenaswa na waya, akaukata wavu ili waya usidhurike, mwenye waya alipaswa kumlipa gharama ya wavu. Hivyo sheria haikuwa fimbo tu, bali ilimtunza pia mtu maskini aliyekubali hasara kwa ajili ya wengi.

Hatari yenyewe haijakwisha. Mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilikokota nanga, ikakata mkongo uitwao TEAMS, na intaneti ya Kenya na ya nchi za jirani ikapungua nguvu.

8. Jeraha lililofichwa

Huko Ubelgiji, mahali paitwapo Ghislenghien, bomba kubwa la gesi lilipita chini ya kiwanja cha viwanda. Mwaka 2004, kazi za ujenzi zilipokuwa zikiendelea, mashine ilikwaruza bomba hilo. Halikutoboka siku ile. Chuma kilipungua unene tu, na jeraha likaachwa bila kutengenezwa. Majuma yakapita. Tarehe 30 Julai, msukumo wa gesi ulipoongezwa, bomba lilipasuka na moto ukawaka. Watu 24 walikufa, miongoni mwao wazima-moto waliokuja kuokoa, na zaidi ya 130 wakajeruhiwa.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Ajali hii ilikuwa na kinga. Bomba lililokwaruzwa likitazamwa na fundi siku ile ile, hutengenezwa. Ndiyo sababu aliyegusa bomba, hata kama hakuna kitu kilichotoka, hana ruhusa ya kulifukia na kwenda zake. Jeraha la bomba halifunikwi kwa udongo.

Nchi nyingine zimerahisisha kuuliza. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, mchimbaji hupiga namba moja tu ya simu, 811, siku chache kabla ya kazi, na wenye mabomba na nyaya huja kupiga alama za rangi juu ya nchi. Buluu ni maji ya kunywa. Nyekundu ni umeme. Manjano ni gesi na mafuta. Rangi ya chungwa ni simu. Kijani ni maji machafu. Nyeupe ni mahali patakapochimbwa. Hata asiyejua kusoma aweza kufahamu rangi.

9. Mambo ya kushika

Kwanza, uliza kabla ya kuchimba. Nenda kwa serikali ya mtaa, kwa watu wa maji, na kwa wenye barabara.

Pili, tazama dalili. Nguzo fupi ya zege, kifuniko cha chuma, udongo uliodidimia kwa mstari mrefu, au majani mabichi wakati wa kiangazi, hayo yote huonyesha kwamba kuna kitu chini.

Tatu, usikisie kina. Bukoba hupata mvua ipatayo milimeta 2000 kwa mwaka, na mvua hiyo huchukua udongo wa mitelemko. Bomba lililozikwa meta 1 zamani huenda leo limefunikwa kwa kiganja kimoja tu.

Nne, ukikaribia mahali penye alama, weka mashine na sururu kando, chimba kwa koleo polepole. Ukiona mkanda wa plastiki wenye rangi kali, simama: mkanda huo ulizikwa juu ya bomba au waya ili ukuonye.

Tano, ukigusa kitu, usifukie. Acha shimo wazi, zuia watoto, toa habari. Ukinusa gesi au mafuta, usiwashe moto wala injini. Ondoka kuelekea upande utokako upepo. Ukiona waya, usiuguse.

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mchimbaji asiyeuliza haingii peke yake: huvuta mtaa mzima. Mtoto wa shule aliyejifunza somo hili aweza kuwa msaada nyumbani. Baba na kaka watwaapo majembe kuchimba msingi, na awaulize kwa adabu, "Je, wenye bomba wameonyesha lilipo?" Swali hilo halina gharama, na kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini maji ya tangini yana nguvu? Tangi likiwa meta 30 juu ya bomba, msukumo ni kilo ngapi kwa sentimeta ya mraba?
2. Elezeni jinsi uchafu unavyoweza kuingia katika bomba lililopasuka.
3. Mzee alimfundishaje kijana kwa habari ya kaburi?
4. Mwenye bomba ana wajibu gani? Mchimbaji ana wajibu gani?
5. Mkataba wa mwaka 1884 ulimtendeaje nahodha aliyeukata wavu wake?
6. Kwa nini haifai kufukia bomba lililokwaruzwa tu?
7. Tembeeni njia ya kwenda shuleni, mkaandike alama zote mlizoziona za vitu vilivyozikwa. Msing'oe hata moja.